Mawe Matatu Meupe

Siku ya kwanza kazini sikupewa kiti, nilipewa nyundo. Ilikuwa Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, saa mbili asubuhi na jua limeshakuwa kali. Mkuu wa Idara, bwana mrefu ambaye katika miaka yangu yote naye nilimwona ameketi mara moja tu, alinipeleka kwenye rafu ya mawe nyuma ya ofisi, akanichagulia moja la kijivu, akaniambia nilipasue nimweleze lilikuwa nini kabla halijawa jiwe.

Nikapasua. Ndani mlikuwa na kombe dogo, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, na mistari yake yote.

"Yalikuwa matope ya baharini," nikasema.

"Limetoka nyanda za juu, magharibi ya Mandera. Wewe kwenu wapi?"

"Mambrui."

"Basi umetoka baharini ukaja baharini. Hii ya kwetu imekauka, na watu wanakaa juu yake wakitafuta maji. Kazi yako ndiyo hiyo."

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, nami nikaenda kutia sahihi fomu zangu.

Ninyi mnaosomea kazi hii ya miamba na maji leo mna ramani kwenye simu na picha zilizopigwa kutoka angani. Sisi tulikuwa na nyundo, dira, daftari, na chupa ndogo ya asidi. Ukidondoshea jiwe asidi likatoa povu, hilo ni chokaa. Lisipotoa povu, unalilowesha kwa mate na kulikwaruza kwa ukucha, na ukishindwa kabisa unalitafuna kidogo, maana jiwe la tope huwa laini menoni na jiwe la mchanga hukwaruza. Nimekula mawe mengi ya serikali, na msinicheke, kwa sababu meno hayakunidanganya hata siku moja.

Miamba ya kule juu ni miamba mashapo, yaani iliyotokana na vitu vilivyotulia chini ya maji: mchanga, tope, makombe. Vilitandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka vikashikana vikawa mawe. Baadaye ardhi ikainuka na maji yakaondoka. Ukifika pale utaona vilima vyenye vichwa bapa, vimesimama mbalimbali kama meza zilizoachwa baada ya harusi. Vimebaki hivyo kwa sababu juu yake kuna jiwe la mchanga, gumu, na chini ya hilo kuna jiwe la tope, laini. Mvua na upepo hulila lile la chini, la juu linakosa kitu cha kulibeba, linakatika kwa mapande na kuporomoka. Ndiyo maana ubavu wa vilima hivyo ni mkali na miguuni pake pamejaa vifusi. Chini zaidi kuna chokaa, nayo ni balaa nyingine, kwa kuwa ina mianya na mapango na humeza mvua yote. Mahali pengine kuna jasi, inayofanya maji yawe machungu hata ngamia akatae.

Kazi yetu ilikuwa kuitafuta mipaka ya miamba hiyo, pale moja inapoishia na nyingine inapoanzia, tukiitia alama kwa rangi ili ionekane kwa darubini kutoka kilima cha pili. Mtunza stoo alikuwa na sheria moja, na kila aliyesafiri alimsomea kama sala. Rangi nyekundu ni ya mipaka. Rangi nyeupe ni ya kisima: mawe matatu yaliyopangwa na kupakwa nyeupe yana maana kwamba mahali hapo pamechaguliwa na mashine ya kuchimba itakuja. Wafugaji kutoka Wajir hadi Mandera waliijua alama hiyo. Hawakuhitaji barua wala mkutano. Wakiona mawe matatu meupe wanajua serikali imetoa neno lake.

Katikati ya miaka ya tisini nilipelekwa huko juu kwa wiki mbili, mimi na dereva, Salat. Salat alikuwa mzaliwa wa Mandera, mtu wa maneno machache na Kiswahili kizuri kunishinda mimi wa pwani, au ndivyo alivyopenda kudai. Tulipiga hema karibu na boma la mzee mmoja, Ibrahim, na mkewe Khadija. Mzee alijua Kiswahili cha sokoni. Khadija hakukijua, lakini alikuwa na ulimi, na Salat alinitafsiria.

"Anauliza mawe yamekukosea nini, kutwa unayapiga."

"Mwambie nayauliza maji yako wapi."

Khadija alijibu, wakacheka wote wawili.

"Anasema uulize mbuzi. Mbuzi hawapigi jiwe kwa nyundo," Salat akasema.

Kila asubuhi Khadija alituletea maziwa ya ngamia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na alikaa palepale kuhakikisha nimeyamaliza. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sitaki kusema mengi juu ya hilo, ila maziwa yale nilikuwa nikiyangoja tangu alfajiri.

Siku ya kumi na moja rangi nyekundu iliisha. Nilikuwa nusu ya kilima, kwenye mpaka ulio wazi kabisa: juu jiwe la mchanga, chini jiwe la tope, mstari umenyooka na umeinama kidogo kuelekea mashariki. Sikuwa na subira ya kungoja. Nikateremka mpaka garini nikachukua kopo la rangi nyeupe. Mwamba ulikuwa na vumbi na rangi haikushika, kwa hiyo nikaokota mawe matatu, nikayapanga, nikayapaka.

Salat alinitazama kutoka chini, kisha akapanda, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Bwana, hiyo ni alama ya kisima."

"Ni ya mpaka. Kesho kutwa tukipata nyekundu nitaipaka juu yake."

"Hapa rangi nyeupe ni ahadi," akasema.

"Salat, endesha gari."

Ndivyo nilivyomjibu, mtu aliyenizidi umri kwa miaka saba. Kesho kutwa haikufika. Asubuhi yake ofisi ilituita kwa redio ya gari turudi mara moja, kuna majambazi barabarani na askari wa kutusindikiza wanangoja. Tulifunga hema haraka. Mzee Ibrahim alikuwa mbali na ngamia wake, na Khadija alitupungia mkono tu. Mawe yangu yalibaki pale juu, yanang'aa.

Mvua ya msimu ule haikunyesha. Iliyofuata pia ikakosa. Nilikuwa Garissa nikichora ramani, na nikiwa mkweli, sikuyafikiria yale mawe hata mara mbili.

Baada ya miezi kama tisa nilitumwa Mandera kwa kazi nyingine, na njia ikatupitisha pale. Tuliona tukiwa mbali. Palipokuwa na boma moja palikuwa na nyumba za mikeka zaidi ya ishirini. Mizoga ya mbuzi ilikuwa imekokotwa ikarundikwa upande wa upepo. Nusu ya kilima, mawe yangu matatu yalikuwa yamezungushiwa ua wa miiba, umesukwa vizuri, ili mifugo isiyaangushe. Salat alizima gari akauinamia usukani. Laiti angenitukana.

Nilimwita Mkuu wa Idara kwa redio, nikamweleza nilichokiona.

"Nani aliweka alama nyeupe?" akauliza.

"Mimi."

"Na mashine unajua iko wapi?"

"Griftu, imevunjika."

"Imevunjika na vipuri havijulikani vitafika lini. Sasa nisikilize. Ukiwaambia ni makosa, kesho kila alama yetu mpaka Wajir itakuwa haina maana, na wewe na mimi hatutakanyaga tena huko. Waambie iko njiani. Nami huku nitaihangaikia."

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu mwovu. Alikuwa akilinda jina la ofisi, na pia alikuwa ananilinda mimi, nami nilitaka kulindwa.

Mzee Ibrahim alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Hakulalamika. Aliniambia watu walitaka kuhamia mto Daua, siku nne kwa miguu, wakati mbuzi bado wana nguvu. Yeye ndiye aliyewazuia. Aliwaambia injinia amekula kwangu, jiwe lake liko pale.

"Mashine nakuja?" akauliza.

"Iko njiani, mzee."

"Hii wiki?"

"Iko njiani."

Khadija alikuwa amesimama nyuma yake. Alianza kusema kwa Kisomali, kwa ukali, akinyoosha fimbo kuelekea chini, upande wa mashariki wa kilima, kwenye kijito kikavu kilichojaa vifusi. Mumewe alimjibu neno moja fupi na kunyoosha kidole juu, kwenye mawe. Khadija akarudia kuonyesha chini. Nikamuuliza Salat anasema nini.

"Mambo ya mke na mume," Salat akasema. "Achana nayo."

Mzee alinigeukia tena. Kule, mtu akikuuliza jambo zito mara ya tatu, hakuulizi kama mara mbili za kwanza. Anakutaka kiapo, na ukishaapa mazungumzo yamekwisha, hata mtoto hatakuuliza tena.

"Wewe Muislamu," akasema. "Sema wallahi, mashine nakuja."

Nilitazama viatu vyangu. Kisha nikasema wallahi.

Akashusha pumzi, akanishika bega. Khadija alinitazama kidogo, akaitia fimbo yake chini ya kwapa, akaingia nyumbani. Sikupewa maziwa, hayakuwapo.

Walingoja siku kumi na moja zaidi. Mbuzi walipokwisha na ngamia wawili wakafa, waliondoka kwenda Daua. Nilikuwa bado Mandera Salat aliponiletea habari aliyoipata sokoni. Alinikuta nimeshika kikombe cha chai, akakichukua mkononi mwangu akakiweka chini kabla hajasema. Khadija alikuwa amekufa siku ya pili ya safari. Sehemu yake ya maji alikuwa akiwapa wajukuu na kuwaambia ameshakunywa. Walimzika kando ya njia, wakampangia mawe, wakaendelea.

Nililia mbele ya Salat bila kujificha. Yeye alikaa nami mpaka adhana ya alasiri, kisha akaniambia twende tukaswali.

Garissa, nilimweleza Mkuu wa Idara. Siku hiyo ndiyo niliyomwona ameketi. Alivuta kiti, akakaa, akageukia ukuta wenye ramani.

"Andika ripoti ya miamba," akasema. "Ya miamba tu."

Nikaandika. Ilikuwa ripoti nzuri, mkubwa wake wa Nairobi aliisifu. Mkuu wa Idara alihamishwa mwaka uliofuata na tukapewa mwingine, mpenda mikutano, kisha mwingine ambaye simkumbuki sura. Mimi nilipelekwa Wajir, nikakaa huko nikipima visima vya chokaa, vile ambavyo maji yake yako karibu kiasi kwamba kamba fupi inatosha. Watu waliniona mchapa kazi. Sikuwa hivyo, nilikuwa naogopa kukaa bure. Salat aliendelea kuniendesha, na sijui kwa nini alikubali.

Ile mvua kubwa ya mwisho wa miaka ya tisini iliponyesha, ile iliyokata barabara zote, nchi ya kule juu iligeuka. Mapande makubwa ya jiwe la mchanga yaliporomoka, lagha, yaani mito mikavu ya kule, zikachimba njia mpya. Maji yalipokauka tukatumwa kuangalia vilima upya, na orodha ya vilima hivyo ilikuwa na kile kimoja. Nilimwambia Salat tukipite. Akasema, "Hapana, tutasimama."

Mzee Ibrahim alikuwapo. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Mashariki ya kilima, kwenye kile kijito cha vifusi, hatua kama mia moja chini ya mpaka, palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mikono, kina cha watu wawili, kimejengewa mawe vizuri. Ngamia walikuwa wamekizunguka. Ua wa miiba kule juu ulikuwa umebomoka na rangi imepauka.

Nikaelewa mara moja, kazi ya miaka yote ilinielewesha. Jiwe la mchanga lina vitundu, hunywa mvua na kuihifadhi. Maji hushuka ndani yake mpaka yakutane na jiwe la tope, ambalo halipitishi. Yakishazuiwa hufuata mwinamo wa tabaka, yaani upande tabaka lilikoinamia, na kwa kilima kile ni mashariki. Yanatokea kwenye mpaka, yanajificha chini ya vifusi. Hata wakati wa kiangazi hubaki kidogo.

"Lini mlichimba?" nikamuuliza.

"Tuliporudi kutoka Daua. Kabla ya mvua."

Kabla ya mvua. Basi maji yalikuwapo.

Mzee alinitazama usoni. "Hii maji," akasema, "wewe najua?"

"Sikujua, mzee."

Safari hii hakuniambia niape. Alishusha ndoo, akavuta, akajaza kikombe cha bati, akanipa. Nikanywa. Yalikuwa baridi na hayakuwa na chumvi. Nilimwambia mashine ilikuwa imevunjika siku ile nilipoapa, na kwamba nilijua. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari ya zamani, akaniuliza kama nataka kingine.

Nilijishikiza kwa neno moja kwa miaka mingi: la uongo nilijua, la maji sikujua. Lilinisaidia kulala.

Siku ya kustaafu kwangu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Msimamizi kijana, aliyekuwa shule ya msingi wakati wa mambo haya, aliniomba nisaidie kupanga mafaili ya zamani kabla sijaondoka, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyajua. Yalikuwa kwenye kabati la chuma, pini zake zimeota kutu. Humo nikakuta madaftari yangu ya nyanda za juu. Nilifungua siku ya kumi na moja kwa ile safari ya kwanza. Kulikuwa na mchoro wa kilima, nilichora vizuri wakati ule. Jiwe la mchanga nimelitia vinukta, jiwe la tope nimelitia vistari. Mpaka upo. Mwinamo upo. Na kwenye kijito cha mashariki kuna mshale unaoelekea chini, na kando yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: maji, kina kifupi.

Nilikuwa nimeliandika siku ileile niliyopaka mawe. Nililiandikia ofisi ya Garissa. Boma lilikuwa chini yangu, ningepaza sauti wangenisikia, na sikumwambia mtu, kwa sababu kazi niliyofundishwa ilikuwa kuandika. Siku ya kiapo nilikuwa nafikiria mashine tu. Kama ningewaambia ukweli wa ile alama, kwamba ni mpaka, juu kuna hiki na chini kuna kile, hata mtoto angeuliza maji yanatokea wapi.

Niliing'oa karatasi ile. Ni wizi wa mali ya ofisi, mnishitaki mkitaka. Nikamtafuta Salat, naye amestaafu, anaendesha duka Mandera, tukaenda.

Mzee Ibrahim haoni tena. Alinijua kwa sauti. Tuliketi karibu na kisima, nikamwambia nimekuja kusahihisha jibu langu, nikamsomea mchoro mzima, Salat akitafsiri. Alitaka aishike karatasi. Akaipapasa kwa vidole kana kwamba wino una uvimbe.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu, mpaka kwenye kina kifupi. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, ndilo nililolifuata safari yote ile.

Alikunja karatasi mara mbili, akairudisha mkononi mwangu. Kisha akasema kwa Kisomali, taratibu, na Salat alichelewa sana kutafsiri.

"Anasema, siku ile ya kiapo Khadija alimwambia wachimbe hapa. Anasema yeye alimjibu, jiwe la serikali liko juu."